Tarehe ya Ukoo wa Antonio wa Virginia

Asili ya ukoo huu ni Antonio, ambaye baadaye aliitwa Anthony Johnson. Aliingia Virginia mwaka 1621 kwa merikebu James, miaka miwili baada ya wale Waafrika ishirini na ushei walioshushwa Point Comfort mwezi Agosti 1619. Makarani wa koloni hawakuandika jina la baba yake wala la mji wake. Waliandika "Antonio Mweusi", basi. Jina hilo ni la Kireno, na Wareno ndio waliokuwa wakibeba watu kutoka Luanda siku zile. Tena mjukuu wake alipokuja kununua shamba, aliliita Angola. Ndiyo maana wasimulizi wa habari zake humtaja kuwa mtu wa Angola, nasi tunalipokea neno lao.

Tarehe hii imeandikwa kujibu maneno yanayozagaa siku hizi, kwamba mtu wa kwanza kumiliki mtumwa katika Marekani ya Waingereza alikuwa Mwafrika huyu. Maneno hayo si kweli, na mahali pa kuyajibu patafika.

Antonio alipelekwa katika shamba la tumbaku la Bennett, kando ya mto James. Tarehe 22 Machi 1622 Wapowhatan, wenyewe wa nchi, waliyavamia makazi ya Waingereza kwa siku moja wakaua watu 347. Shamba la Bennett liliangamia karibu lote, na Antonio akawa miongoni mwa wachache walionusurika. Mwaka huohuo aliwasili Mary kwa merikebu Margaret and John, na hesabu ya watu ya mwaka 1625 ilimkuta akiwa mwanamke pekee shambani pale. Wakaoana, wakakaa pamoja zaidi ya miaka 40, katika koloni ambalo maradhi yalizika wageni wengi kabla hawajaizoea nchi. Mungu akawajalia watoto wanne: wa kiume John na Richard, na mabinti wawili.

Kufikia miaka ya 1640 walikwisha kuwa watu huru na wafugaji ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, katika wilaya ya Northampton. Mwaka 1651 Antonio alipata hati ya ekari 250 kwenye kijito cha Pungoteague. Desturi ya koloni ilikuwa kwamba aliyeleta mtu kutoka ng'ambo hupewa ekari 50 kwa kila kichwa, naye alitaja vichwa vitano. Richard alipata ekari 100 mwaka 1654, na John naye alikuwa na ardhi yake jirani. Walikuwapo Waafrika wengine huru pale, kama Francis Payne na Emanuel Driggus. Kizazi cha Driggus kilisambaa baadaye hadi Carolina Kaskazini na Kusini.

Mwaka 1653 moto uliwaunguzia mali. Antonio na Mary wakaenda mahakamani kuomba nafuu. Mahakimu walikiri kwamba wazee hawa wamekaa Virginia zaidi ya miaka 30, na kwamba bidii yao inajulikana na watu wote. Wakamwondolea Mary na mabinti zake wawili kodi ya kichwa maisha yao yote. Jambo hili si dogo. Tangu 1643 sheria ilimtoza kodi hiyo mwanamke mweusi na kumwacha mwanamke wa Kiingereza. Kwa hukumu ile, wanawake watatu wa ukoo wa Antonio walisimama sawa na wake wa Waingereza mbele ya mtoza kodi.

Sasa tufike kwenye kesi ya John Casor. Casor alikuwa Mwafrika akifanya kazi kwa Antonio. Alidai kuwa alikuja kwa mkataba wa miaka saba au minane, na kwamba muda umekwisha. Antonio akasema mkataba huo hajapata kuuona, na kwamba mtu huyu ni wake maisha. Jirani Mwingereza, Robert Parker, akamchukua Casor kwake. Mke wa Antonio, wanawe na mkwewe wakamsihi mzee amwachie, naye akakubali. Kisha akageuka, akashitaki, na Machi 1655 mahakama ikaamuru Casor arudishwe. Hilo lilitendeka na hatulifichi: Antonio alimfunga mwenzake maisha, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa imemshauri vinginevyo.

Lakini kuwa wa kwanza, hapana. Julai 1640, miaka 15 kabla ya hukumu hiyo, watumishi watatu walimtoroka Hugh Gwyn wakakimbilia Maryland: Mholanzi, Mskoti, na Mwafrika aitwaye John Punch. Walikamatwa pamoja, wakahukumiwa na mahakama moja kwa kosa moja. Wazungu wawili waliongezewa miaka minne. Punch alihukumiwa kutumika maisha yake yote. Mwaka 1641 Massachusetts nayo ikaandika utumwa ndani ya sheria zake. Anayemfanya Antonio kuwa chanzo anamvua Gwyn, na majaji wa Jamestown, mzigo wao, na kumtwika mtu ambaye mwenyewe alishushwa melini bila jina la baba.

Turudi kwa ukoo. Mwaka 1665 Antonio, Mary na John walihama Virginia kwenda wilaya ya Somerset, Maryland, wakiswaga ng'ombe 14, kondoo 18 na farasi jike mmoja. Walikodi ekari 300, wakapaita Tonies Vineyard. Richard alibaki Virginia kwenye ekari 50 alizopewa na babake. Antonio alifariki mwaka 1670. Mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama Virginia likaamua kwamba ardhi aliyoiacha huko irudi serikalini kwa kuwa alikuwa Mweusi, na kwa hiyo mgeni. Mtu aliyekaa nchini miaka 40 na ushei, aliyeshitaki na kushinda katika mahakama zilezile, aliitwa mgeni akiwa kaburini. Zile ekari 50 za Richard zikaishia kwa George Parker, Mwingereza.

Bibi Mary hakuyumba. Aliendelea na shamba la Maryland kwa mkataba wa miaka 99, na mwaka 1672 akawaandikia wajukuu ng'ombe katika wasia. Mjukuu wake John, mwana wa John, ndiye aliyenunua ekari 44 mwaka 1677 akaziita Angola. Alifariki mwaka 1706, na baada yake habari za ukoo katika daftari za Somerset zinafifia.

Basi anayetaka kutaja kesi ya Casor na aitaje, lakini aanze na hukumu ya John Punch ya 1640 na amalizie na uamuzi wa 1670. Utumwa wa Virginia ulijengwa na mahakama na mabaraza ya Waingereza, na ukoo wa Antonio ulinyang'anywa ardhi kwa mikono hiyohiyo.