Somo la Historia: Habari na Chombo Kinachoichukua



Maji yakiwa katika kibuyu hufuata umbo la kibuyu. Yakimiminwa katika chungu hufuata umbo la chungu. Habari nayo ni vivyo hivyo. Leo tutazame vyombo vitatu vilivyochukua habari katika nchi yetu na nchi jirani.

Chombo cha kwanza ni ngoma ya mti uliochimbwa ndani, ambayo wengi huiita lokole. John Carrington, mmisionari Mprotestanti wa Yakusu, karibu na Kisangani, alitoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma haitamki maneno. Hutoa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kwa kufuata sauti za lugha. Katika lugha ya Wakele, neno la mwezi na neno la kuku yana sauti zile zile. Msikilizaji angetambuaje? Kwa hiyo mpiga ngoma hakupiga neno moja, bali fungu zima: mwezi aliueleza kuwa huitazama nchi toka juu, na kuku alimweleza kwa mlio wake. Habari ikawa ndefu kwa sababu ya upungufu wa chombo. Naye asiyejifunza mafungu yale alisikia mlio, hakusikia habari.

Chombo cha pili ni kitabu. Wanyanga wa Walikale wanayo hadithi kuu ya Mwindo, mwana wa mwami aliyekataliwa na baba yake. Mwaka 1956 mzee Shekarisi Rureke aliisimulia yote kwa siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji, huku akiimba na kucheza. Desturi haikuwa hivyo: msimulizi hutoa sehemu moja moja, nao wasikilizaji humwitikia. Mwaka 1969 Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwenyeji wa Wanyanga, waliitoa katika kitabu. Tunashukuru, kwa maana kitabu hakisahau. Lakini karatasi haichezi wala haiitikiwi. Tena msomaji aweza kudhani kwamba Mwindo ni yule mmoja wa kitabuni, kumbe wasimulizi wengine walimweleza kwa namna nyingine, kama Biebuyck mwenyewe alivyoonyesha katika kitabu cha mwaka 1978.

Chombo cha tatu ni redio. Sauti yake huvuka milima mara moja, na hata asiyejua kusoma huisikia. Lakini asemaye haoni uso wa asikiaye, wala mzee hawezi kumkatiza na kumwuliza: “Je, wewe mwenyewe umeyaona hayo?” Huko Rwanda, redio RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilichanganya muziki na mizaha pamoja na chuki. Iliwaita watu mende, na mwaka 1994 ikachochea mauaji ya kimbari ya Watutsi. Maneno ambayo kando ya moto yangalipata wa kuyapinga, redioni hayakumpata. Mwezi wa Julai mwaka huo wakimbizi mamia ya maelfu waliingia Goma, na vita vilivyofuata vilifika hata vijijini mwetu. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wawili wa redio hiyo.

Je, redio ni mbaya? Hapana. Tangu mwaka 2002 Radio Okapi imeleta habari kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kongo. Chombo hakina dhambi. Anayekipokea bila kuuliza ndiye anayejiponza. Na leo simu ya mkononi huleta sauti isiyo na mwenyewe, ikisema kwamba watu fulani wanakuja kushambulia. Kijiji kizima hukimbia, au, vibaya zaidi, hushika mapanga.

Mtume Paulo aliijua hatari hii. Katika Waraka wa Pili kwa Watesalonike aliwaonya wasifadhaishwe na barua iliyodaiwa kuwa yake, na mwishoni akawapa alama ya mkono wake mwenyewe. Nasi tufanye hivyo: tuitafute alama ya mkono kabla ya kuamini.

Maswali ya kujibu pamoja baada ya somo:
1. Kwa nini mpiga ngoma alirefusha maneno?
2. Kitabu kilihifadhi nini cha Mwindo, na kiliacha nini?
3. Habari ya hofu ikifika kijijini, tumwulize nani kwanza?