Uvira: Dawa bila nyumba haitoshi

Matunzo ya afya ya akili mtaani yanamfuata mgonjwa kwake, badala ya kumfungia mbali. Yanasimama kama chungu juu ya mafiga matatu: dawa, mahali pa kulala, na watu wa karibu.

Toka Uvira, familia hupeleka mgonjwa SOSAME huko Bukavu, hospitali iliyoanza 1994, ama Kamenge, Bujumbura, iliyoanza 1981. Zote mbili ni kazi ya watawa Frères de la Charité. Safari ni ghali, na mpaka ukifungwa dawa inakatika.

Lakini shida kubwa inaanza siku ya kurudi. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, maelfu ya nyumba zikabomoka. Mwaka 2024 ziwa likaingia nyumba za ufukweni. Mtu aliyetulia hospitalini akikuta familia imebanana kwa jirani, usingizi unapotea, dawa anaacha. Mwenye nyumba naye akisikia "ule ni kichaa", anakataa hata akiletewa garanti.

Kule Geel, Ubelgiji, tangu karne nyingi familia za kawaida zinakaa na wagonjwa nyumbani. New York, mwaka 1992, mpango mmoja ulianza kuwapa wagonjwa waliolala barabarani nyumba kwanza, bila kungoja wapone. Wengi wao walibaki ndani.

Hapa kwetu, muuguzi wa kituo cha afya anaweza kufuatilia dawa, shefu wa avenyi akazungumza na mwenye nyumba, jirani akampa kazi nyepesi kama kuanika ndagala. Kumfunga kamba hakumtibu: kunamwongezea vidonda.