Mwizi Msomi: Mhusika Ni Mali ya Nani?

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ulikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliingia mwaka 1975, na kwa miaka mingi alibaki mhusika bapa: stadi zake zilipangwa na jedwali, mchezaji hana lake. Toleo la pili la mwaka 1989 ndilo lililovunja mwiko huo. Mchezaji alipewa pointi 60 azigawe mwenyewe katika stadi nane, mradi stadi moja isipewe zaidi ya 30.

Tulipoijaribu sheria hiyo, nilitia 30 kwenye kusoma lugha na 30 kwenye kusikiliza. Wenzangu wakacheka: eti mwizi gani huyo, kufuli hajui? Kweli, kufuli zilibaki na asilimia 10, na mlango wa kwanza ulitushinda. Lakini nyuma yake nilisikia walinzi, tukarudi salama.

Je, nilimharibu mhusika? Fritz Leiber, ambaye Gygax alimtaja mwaka 1979 miongoni mwa waliomwathiri, alimchora Gray Mouser, mwizi aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mchawi. Na Abunuwasi wetu hushinda kwa sikio na ulimi, si kwa funguo bandia. Kumbe jedwali lilisahau kile ambacho fasihi ilikijua kitambo: ujanja ni akili kwanza. Basi tusimhukumu mhusika kwa jina la kazi yake.