Samli, Maziwa ya Ngamia na Kolesteroli Garissa

Kwa vizazi vingi wafugaji wa Kisomali wa Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, waliishi kwa maziwa kwanza, nyama baadaye. Maziwa ya ngamia yalinywewa mabichi au yakiwa yamechacha. Ya ng'ombe yalisukwasukwa yakatoa siagi, nayo ikachemshwa kuwa samli. Nyama ya safari ilikatwa vipande vidogo, ikakaangwa hadi ikakauka, kisha ikazamishwa ndani ya samli. Hiyo ndiyo nyirinyiri, ambayo hukaa miezi kadhaa bila kuoza. Nafaka, chai na sukari zilitoka madukani, na zilitegemewa zaidi kiangazi kilipokausha viwele.

Mlo wa mafuta mengi kiasi hicho ungetarajiwa kupandisha kolesteroli. Mwaka 1962 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha uchunguzi wa wafugaji wa ngamia wa Somalia walioishi kwa maziwa, na mwaka huohuo daktari Gerald Shaper wa Makerere akatoa matokeo yake kuhusu Wasamburu, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Kote kuwili kolesteroli haikuwa juu, na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra. Wanaoushika utafiti huo kama ruhusa ya kula samli bila kipimo husahau kwamba watu hao walikuwa wembamba, walitembea kutwa nzima nyuma ya mifugo, na kila mwaka walipitia miezi ya njaa. Shaper na wenzake baadaye waliwafuatilia vijana wa Kisamburu walioingia jeshini na kuanza kula posho ya kambini yenye chumvi nyingi. Shinikizo lao la damu lilipanda.

Garissa nako maisha yalibadilika, tena kwa nguvu. Katika vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo mingi ikapotea. Ukame wa miaka ya 1970 na wa 1984 ukawasukuma wengine mjini. Chakula kikawa wali, anjera na pasta, ambayo ilienea Somalia wakati wa Waitaliano, pamoja na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Samli na nyama ya kukaanga zikabaki. Matembezi ndiyo yaliyokwisha.

Dawa za kushusha kolesteroli zilichelewa kufika. Katika miaka ya 1970 Mjapani Akira Endo aligundua ndani ya kuvu kemikali inayozuia ini kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa, huvuta kolesteroli kutoka kwenye damu. Dawa za aina hiyo huitwa statini; ya kwanza kuidhinishwa, lovastatini, ilikubaliwa Marekani mwaka 1987, na simvastatini ikaingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2007.

Dawa haiondoi haja ya kubadili mlo. Panapopunguzwa samli na mafuta ya mgando, na nafasi yake ikachukuliwa na mafuta ya maji, maharagwe, mboga na matunda ya mashamba ya kando ya Mto Tana, kolesteroli hushuka, ingawa kwa kawaida si kwa kiasi cha statini. Tatizo la mfugaji anayehama ni kwamba kidonge humezwa kila siku kwa miaka, na duka la dawa halihami naye. Kolesteroli iliyopanda haiumi; hujulikana kwa kupimwa damu, na dawa ikiachwa hurudi ilipokuwa baada ya wiki chache.