Glavu za Mpira za Mafundi wa Nguzo

Miaka mingi kabla ya miji ya Marekani kuwashwa taa za umeme, kinga ya shari ya umeme huo ilikwisha kupatikana, kwani mwaka 1839 Charles Goodyear alivumbua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kutiwa motoni hauyeyuki kwa joto wala haukakamai kwa baridi. Na mpira, kama ajuavyo kila fundi, hauupi umeme njia. Wallakini, kinga kuwapo ni jambo moja, na watu kuilazimisha ni jambo jingine.

Thomas Edison alipoanza kuuza umeme mjini New York, mwaka 1882, nyaya zake alizifukia ardhini. Lakini makampuni ya taa za barabarani yalitundika nyaya zao zenye umeme mkali juu ya nguzo, zikachangamana na zile za simu hata fundi asiweze kuwa na yakini ni waya upi ulio salama. Tarehe 11 Oktoba 1889 fundi wa nyaya za telegrafu, John Feeks, alishika waya aliodhani hauna nguvu, kumbe mbali na hapo ulikuwa umegusana na waya wa taa, naye akafa pale pale juu, maelfu ya watu wakimtazama. Mpira wa Goodyear ulikuwa umetimiza miaka hamsini.

Mwaka 1891 mafundi waliokutana St. Louis waliunda chama chao, mojawapo ya makusudio yao likiwa kupunguza mauti kazini. Na rais wake wa kwanza, Henry Miller, alikufa mwaka 1896 baada ya kupigwa na umeme nguzoni akaanguka.

Hatimaye mpira ule ukafanywa glavu za mafundi, na glavu hizo zilipoenea, ilidhihiri kwamba mpira nao ni dhaifu: jua huupasua, hewa ya ozoni huula, na tundu dogo lisiloonekana kwa macho latosha kuua. Kwa hiyo ikawa desturi kuvaa glavu ya ngozi juu ya ile ya mpira, ili isichomwe na ncha za nyaya, nayo ya ngozi hukatwa fupi ili umeme usitambae juu yake hadi kwenye mkono. Kisha zikapangwa daraja, kuanzia glavu za volti 500 hadi za volti 36,000. Kabla ya kupanda, fundi huikunja glavu toka kwenye pindo, akaifungia hewa ndani, akaisogeza sikioni au shavuni asikilize kama inavuja. Na sheria ya Marekani yataka glavu iliyo kazini ipimwe kwa umeme kila miezi sita, kwa nguvu izidiyo ile itakayokutana nayo. Isiyostahimili haipandi nguzo, hata ikionekana mpya.