Habari za Shule Ndogo Katika Kenya, na Hesabu Itupasayo Kuifanya



Kila mkutano wa mwaka ufikapo kwenye habari za elimu, swali huwa ni moja: wamefaulu wangapi? Swali hilo ni jema, lakini tukiyatazama mambo yaliyopita twaona kuwa halitoshi, kwani mtihani huwahesabu wale tu walioufikia.

Shule ndogo za vijijini zililetwa na Misheni. Krapf na Rebmann waliweka kituo chao Rabai mwaka 1846, na katika miaka iliyofuata Misheni nyingi zilieneza vishule mashambani. Kwa kawaida kilikuwa chumba kimoja cha udongo, kilichoezekwa kwa nyasi au makuti, na mwalimu mmoja aliyefundisha kusoma, kuandika, hesabu na dini. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, ikashauri kwamba mafundisho yafuate maisha ya kijijini. Mwaka 1925 Skuli ya Jeanes ilifunguliwa Kabete. Walimu waliotoka huko walizizungukia shule ndogo, wakionyesha kilimo bora, uchimbaji wa vyoo na usafi wa nyumba.

Mafundisho hayo yalikuwa na faida, maana mtoto asiyeendelea na masomo alirudi kwao na kitu mkononi. Hata hivyo wazee wengi waliyatilia shaka, wala hatuwezi kusema kwamba walikosea. Waliuliza: mbona mtoto wa Mzungu afundishwa vitabu, na wetu afundishwa jembe? Kiu ya elimu kamili ilikuwa sababu mojawapo iliyowafanya watu wa nchi ya Wakikuyu wajenge shule zao za kujitegemea katika miaka ya 1930, kwa jasho lao na michango yao. Shule hizo zilifungwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952.

Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 iliigawa elimu ya Mwafrika mara tatu: miaka minne ya chini, minne ya kati, na minne ya juu. Baada ya darasa la nne palikuwa na mtihani, na nafasi za shule za kati zilikuwa chache. Watoto wengi waliambiwa kwamba masomo yao yamekwisha, nao wangali wadogo mno kuajiriwa kazi. Kati ya wazee wetu wamo waliokomea kwenye mlango huo. Wao wajua kwamba aliyekomea hapo hakuwa mjinga. Nafasi ndiyo haikuwapo.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mlango huo uliondolewa, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikakubali elimu ya msingi ya miaka saba. Mwaka 1974 karo ilifutwa katika madarasa manne ya chini, lakini michango ya majengo ikashika mahali pake, na wengi walioingia kwa furaha wakaacha. Mwaka 1985 likaja darasa la nane na mtihani wa KCPE. Mwaka 2003 karo ilifutwa tena katika shule zote za msingi za Serikali. Wanafunzi waliokuwa yapata milioni 5.9 walifika yapata milioni 7.2, na walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Mtihani wa KCPE nao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Twajifunza nini? Kila mlango ulipofunguliwa, watoto waliingia kwa wingi. Na kila mara wapo waliotoka kimya kimya kabla ya mwisho, pasipo mtu kuwauliza. Shule ndogo ina taabu zake: mwalimu mmoja hushika madarasa mawili, na vitabu havitoshi. Lakini ina jambo moja ambalo shule kubwa yaweza kulikosa. Mwalimu wake humjua kila mtoto kwa jina na kwa mlango wa kwao, na asipofika siku mbili aweza kutuma mtu aulize.

Kwa hiyo twaishauri Halmashauri, isaidiane na walimu wakuu, ilifungue daftari la kuandikishia wanafunzi kabla ya kutazama orodha ya mtihani. Tuwafuate wote walioingia darasa la kwanza mwaka mmoja, wavulana na wasichana kila kundi peke yake: waliohama ni wangapi, walioacha ni wangapi na kwa sababu gani, na waliomaliza waweza kusoma barua na kupiga hesabu ya duka? Kama sababu ni sare, njaa, au kazi ya kulea wadogo, basi hapo ndipo fedha za chama chetu zitakapofaa.

Wazee walikata miti na kukanda udongo ili shule hizi zisimame. Kumtafuta mtoto aliyeacha ni kazi nyepesi kuliko hiyo, nayo ndiyo iliyobakia kwetu.