Kinyonga wa pembe mbili wa Kilimanjaro

Ukipita usiku na tochi kando ya wigo wa masale huku Marangu, utamwona upesi kuliko mchana. Akilala hupauka, na mwanga ukimpata hung'aa kwenye ncha ya tawi. Dume ana pembe mbili bapa zilizochomoza puani, zimekaa sambamba kama visu. Utotoni tuliambiwa ana mkosi, na wengi walimpiga mawe. Mimi nilimpenda, na bado nampenda.

Wataalamu humwita Kinyonga tavetana. Mwaka 1887 kabaila wa Hungaria, Sámuel Teleki, na mwenzake Ludwig von Höhnel walipiga kambi Taveta, kituo cha misafara iliyotoka Pwani kwenda Umasaini. Mwaka 1891 Franz Steindachner wa Vienna, kutokana na vielelezo vya msafara wao, akamtangaza kinyonga huyu kwa jina la Taveta. Kinyonga mwingine akampa jina la von Höhnel.

Ila miaka minne kabla, Anton Reichenow alikuwa ameshamtangaza kinyonga mwingine wa pembe mbili na kumwita kwa jina la msafiri Gustav Fischer. Waliofuata wakawakusanya wa Usambara, wa Uluguru na wa kwetu chini ya Fischer, na huyu wetu akahesabiwa nususpishi tu.

Jambo hilo lilitugharimu. Miaka ya 1990 vinyonga wa Tanzania walipelekwa kwa wingi kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Kama wote ni Fischer, utajuaje ni mlima upi unaokombwa? Usafirishaji wa wanyamapori hai ulikuja kupigwa marufuku mwaka 2016.

Mwaka 2006 watafiti Tilbury, Tolley na Branch waliunda jenasi ya Kinyonga. Miaka miwili baadaye Mariaux, Lutzmann na Stipala wakalinganisha maumbile na vinasaba vya wale wa pembe mbili, mlima kwa mlima. Fischer halisi akabaki Nguru na Nguu, wa Usambara wakapata majina yao, na wetu, anayepatikana pia Meru na Pare Kaskazini, akarudishiwa jina lake la 1891.

Huishi kingo za msitu na ndani ya vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo yazungukayo nyumba, kwenye mibuni na miringaringa. Sasa mibuni inang'olewa, na kihamba kinagawiwa wana hadi kinabaki kiwanja cha nyumba. Nikilalamika, huambiwa vinyonga wa pembe mbili wapo Usambara. Wapo, lakini ni wengine.